Makapi, Mtoto wa Watu

Nilipokuwa mtoto, mama yangu mzazi nilimwita shangazi, na yeye aliniita mtoto wa watu. Tuliishi nyumba moja na kula chungu kimoja. Pua hii niliyonayo ni yake, kama vile aliivua akanivisha. Lakini mpita njia angetusikia tukiongea angedhani nimekuja kuazima ungo na nimechelewa kurudi kwetu.

Jukwaani sehemu hiyo inachekesha sana. Nimeisema kwenye kumbi, kwenye harusi, kwenye redio, na watu wameshika mbavu. Najua nivute pumzi wapi kabla ya neno "ungo", na najua ninyamaze kiasi gani baada yake ili kicheko kiive. Leo naiandika bila ukumbi na bila kipaza sauti. Tuone kama itachekesha.

Jina langu ni Makapi. Wengi wanadhani ni la jukwaani. Limo kwenye cheti cha ubatizo, limo kwenye kadi ya kura, na lilikuwamo kwenye daftari la darasa la kwanza, ambamo mwalimu aliliandika kwa penseli akisubiri niseme lile la kweli. Alisubiri hadi darasa la pili ndipo akaleta kalamu.

Kwa msomaji ambaye mpunga ameuona kwenye mfuko tu, tena ukiwa umeshakuwa mchele: ukipeta mpunga kwenye ungo, zile punje tupu zisizo na kitu ndani, zinazopeperuka zenyewe na kwenda kulala pembeni, ndizo makapi. Kuku hazitaki. Nguruwe atazifikiria. Kwetu, kijiji cha Mbingu, kila uwanja wa kupigia mpunga ulikuwa na lundo lake nyuma, na mimi nililazwa juu ya lundo hilo kabla sijanyonya.

Kabla yangu mama alikuwa amezaa watatu. Wawili wa kiume na mmoja wa kike, na hakuna aliyefika umri wa kutembea. Vijilima vyao vilikuwa nyuma ya migomba, vidogo kiasi kwamba mgeni angedhani ni matuta ya viazi. Bibi mzaa mama, Mndamba wa kando ya mto, mfupi, mkali, mwenye masikio ya kusikia hadi mawazo, alikuwa ameshaamua kwamba mtoto wa nne hatazaliwa kama mtoto. Atazaliwa kama taka.

Bibi hakumtaja Kifo kwa jina. Alimwita Yule. Yule alikuwa amejifunza njia ya nyumba yetu, alisema Bibi, na mtu aliyejifunza njia humzuii kwa mlango. Unamzuia kwa kumwambia kwamba humu ndani hamna kitu.

Kwa hiyo nilipotoka tu, Bibi alinifunga kwenye kipande cha gunia, akanipitisha mlango wa nyuma, akaniweka juu ya makapi. Mama Zuhura, mke wa mwenye duka, watu wa pwani waliohamia kwetu, alikuwa ameambiwa tangu juzi kwamba siku hiyo atapita nyuma ya uwanja "kwa bahati". Akapita. Akapiga ukelele ambao alinisimulia mwenyewe mara nyingi, kila mara ukizidi urefu:

"Jamani! Nani katupa makapi yenye miguu?"

Huyo ndiye mchekeshaji wa kwanza niliyemsikia maishani. Nilikuwa na umri wa nusu saa.

Akanizungusha mbele ya nyumba, akapiga hodi. "Nimeokota taka hapa nyuma yenu. Mnaweza kunitunzia?"

"Taka za nini?" Bibi akamjibu kwa sauti ya kusikika barabarani. "Hapa tuna za kwetu za kutosha."

"Nitunzieni tu. Nikikumbuka nitazifuata."

Ndipo mama, akiwa amelala mkekani, bado ana jasho la uchungu, akatakiwa kusema neno lake. Alikuwa amefundishwa. Akageuza uso ukutani, akasema, "Haya, weka hapo."

Weka hapo. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ambayo mama yangu alinipokea nayo duniani.

Sheria zilikuwa za Bibi, na hazikuwa nyingi. Mimi ni wa Mama Zuhura, ambaye watoto wake saba wote walikuwa hai na wakorofi. Jina langu ni Makapi. Nisisifiwe. Mama asiniite mwanangu, na mimi nisimwite mama, mpaka meno yangu ya utoto yaishe yote.

Nilikua nikijua sababu, kwa sababu Bibi aliirudia kila jino lilipodondoka. Alilichukua, akaliangalia chini, akalifukia kwenye lundo la makapi, akasema, "Meno haya ndiyo aliyoyaona Yule alipokuja kuchungulia. Yakiisha yote, atapita mbele yako asikujue. Lakini likibaki hata moja, mama yako akathubutu kukuita mwanangu, Yule atageuka. Na akigeuka hatamshika aliyeitwa. Atamshika aliyeita, maana ndiye aliyemdanganya."

Nilikuwa mtoto wa pekee kijijini aliyefurahia kung'oka meno. Wenzangu walificha mapengo yao, mimi nilitembea nimefungua mdomo kama kambale.

Mama alitii. Tena alitii kwa ukali, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe. "Wewe mtoto wa watu, njoo ule." "Wewe mtoto wa watu, nani kakutuma upande mti?" Akinipapasa paji la uso nikiwa na homa alikuwa akinitukana: "Kapi hili, halina hata uzito." Lakini ukoko wa wali, ule wa chini kabisa wenye mafuta na chumvi, uliobanduka mzima kama kofia, haukuwahi kufika kwa mtu mwingine. Aliuweka kando ya jiko, akageuka, akasema hewani, "Kuna uchafu hapo, atakayeuona autupe." Niliutupa tumboni kila siku.

Sasa naelewa ukoko ulikuwa unasema nini. Wakati ule sikuelewa. Mtoto hali ukoko akashiba neno.

Na neno lenyewe nilikuwa nalisikia kila siku, ila kwenye mdomo usio wake. Mama Zuhura aliliita kutoka dukani hadi njia ya reli, "Mwanangu wa jaani! Njoo unisalimie mama yako!" Nikaenda, nikasema shikamoo mama, nikapewa pipi, nikarudi nimenuna. Pipi zake zilikuwa tamu na neno lake lilikuwa chungu.

Nilipofika miaka kumi na mmoja lilibaki jino moja. Gego la chini, upande wa kushoto. Lilikuwa limekaa pale kama mpangaji asiyetaka kuhama. Nililisukuma kwa ulimi asubuhi na jioni, nililitafunia muwa, nililiombea kanisani. Halikutikisika.

Na hapo ndipo tumbo la mama likaanza kuonekana.

Baada yangu lilikuwa limenyamaza miaka kumi. Baba alikuwa mkata miwa kule kwenye mashamba ya miwa na alikuja nyumbani kama mvua za vuli, kidogo na bila taarifa, lakini safari hiyo alikuwa ameacha kitu. Bibi alimpapasa mama, akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya ovyo, akasema, "Huyu hatatupwa. Makapi ameshafunga njia. Huyu utamwita mwanangu siku ile ile."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo ya maji. Siku ile ile! Mimi nilikuwa nimelisubiri neno hilo miaka kumi na mmoja, na huyu, ambaye hana hata ukucha, atalikuta limewekwa mezani. Nitasikia kupitia ukutani, mwanangu, mwanangu, nami niko nje na gego langu, mtoto wa watu.

Nilimweleza Alkwini, binamu yangu, ambaye alikuwa amenizidi mwaka mmoja na maarifa yote. Kwetu wamisionari walituachia majina ya kutisha: Alkwini, Engelberti, Hildebrandi. Mtoto ana kilo kumi na tano, jina lina kilo ishirini. Mimi nilikuwa nimeshajichagulia Engelberti kwa siku ya ubatizo, maana Bibi alikuwa amekataa nibatizwe kabla ya meno kuisha.

"Ling'oe," Alkwini akasema.

"Bibi atajua. Jino lililokwisha muda wake lina shimo chini, kama kapi. Lililong'olewa lina mzizi."

Alkwini akafikiri. "Mzizi unasagika."

"Na uongo je? Si dhambi?"

"Uongo wa jino ni dhambi ya jino. Kubwa ni za mali na wanawake."

Tulilifunga kwa uzi wa kushonea magunia, ncha ya pili tukaifunga kwenye mguu wa dume la mbuzi wa kina Alkwini, halafu Alkwini akalipiga teke dume. Jukwaani nikifika hapo kwa mbuzi, huwa nakimbia jukwaa zima kwa miguu minne, na nimewahi kuona mama mmoja akianguka kwenye kiti kwa kucheka. Ukweli ni kwamba mbuzi alikimbia, uzi ukakatika, na jino lilibaki limelegea nusu, na nikalimalizia mwenyewe kwa vidole, nyuma ya kihenge, nikilia bila sauti. Damu ilinijaa mdomoni nikaimeza. Jino lilikuja na mizizi miwili, mirefu, imepinda kama kucha za ndege.

Niliisaga kwenye jiwe la kunolea panga. Nilisaga mchana kutwa. Kisha kwa ncha ya msumari nikalichimba chini shimo dogo, nikalipuliza, nikalisafisha kwa majivu.

Kesho yake wanawake walikuwa uwanjani wakipeta mpunga wa mapema. Mvua za mwaka ule zilikuwa hazijui kuondoka. Jua lilitoka saa mbili, wingu likarudi saa sita, na kila mtu alikuwa anakimbizana na unyevu. Nikamwendea Bibi, nikafungua kiganja.

Aliliokota. Akaliangalia upande wa juu, akaliangalia upande wa chini. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, kwa hiyo akalipitisha kwenye ncha ya kidole gumba, polepole, pale niliposaga. Akaniangalia.

"Limekuja lenyewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Lenyewe kabisa?"

"Lenyewe, Bibi. Nilikuwa nakula muwa."

Halafu akainama, akalifukia kwenye lundo, akapigapiga juu kwa mkono, akasimama, akasema kwa sauti, "Meno yameisha."

Mama alikuwa na ungo mikononi. Aliurusha mpunga mara moja, ukapanda, ukashuka, akasahau kuurusha tena. Wanawake wengine wakaacha kupeta. Aliuweka ungo chini taratibu kama una mayai.

"Yote?" akauliza.

"Yote," akasema Bibi.

Mama alinitazama. Alifungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. Lile neno lilikuwa limekaa kwake miaka kumi na mmoja, lilikuwa limeshika kutu.

"Mwanangu," akasema. Kwa sauti ndogo, kama anaonja chumvi.

"Naam, mama."

Akasema tena kwa sauti, na mara ya tatu alipiga kelele, akaja kunikamata kichwa kwa mikono yote miwili, mikono imejaa vumbi la mpunga, na tumbo lake kubwa likanigonga kifuani. Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi akasema, "Sasa tumtafutie jina la watu," nami nikafungua mdomo kutaja Engelberti.

"Hapana," akasema mama. "Ni hilo hilo. Ndilo lililomleta. Mwanangu Makapi."

Niliitwa hivyo siku tisa. Alikuwa ananituma ili tu alitamke. "Mwanangu Makapi, leta maji," nami nimeshika ndoo ya maji. "Mwanangu Makapi, fungia kuku," saa nane mchana, kuku wanashangaa. Majirani walimtania: "Mama Makapi, na sisi tuachie nafasi ya kuongea." Pale kwenye pengo palikuwa panauma, usaha umeanza, na sikumwambia mtu. Nilikuwa tayari kuoza taya zima kwa ajili ya siku nyingine moja.

Siku ya kumi uchungu ulimjia, na haukuwa wakati wake. Ilikuwa asubuhi. Mkunga wa kijijini aliingia, akatoka, akaosha mikono, akasema damu hii si ya kwangu, huyu ni wa hospitali ya Ifakara. Treni ilikuwa imepita jana na nyingine ni keshokutwa. Gari lilikuwapo, gari la mpunga, lakini lilikuwa ng'ambo; maji yalikuwa yamekata barabara kama yalivyoikata kila masika tangu barabara hiyo iitwe barabara. Wanaume wanne wakambeba kwenye kitanda cha kamba. Bibi alitembea ubavuni ameshika mkono wake. Nikafuata nyuma.

Kitenge alichofunikwa kilikuwa cha bluu na kilibadilika rangi njiani.

Tulipofika kwenye maji, mtumbwi ulikuwa umeenda upande wa pili. Wakamweka chini pembeni ya majani, wakaanza kumwita mwenye mtumbwi. Mama akageuza kichwa, akaniona. Nilikuwa nimesimama hatua chache, nikasogea. Nilitaka kumwambia habari ya jino. Naapa nilitaka.

Akanikazia macho, macho makubwa, ya mtu aliyeona mwingine nyuma yako. Kisha akasema kwa sauti ya ukali, ile ya zamani, iliyosikika kwa kila mtu pale:

"Wewe mtoto wa watu, umefuata nini hapa? Rudi kwenu."

Nikasimama.

"Simjui huyu," akawaambia wale wanaume. "Si wangu huyu. Mwondoeni."

"Anaweweseka," mmoja akasema, akanishika bega, akanirudisha nyuma barabarani. Niligeuka mara moja tu. Mtumbwi ulikuwa unakuja. Bibi alikuwa ameshamfunika uso.

Yule mtoto mwingine, yule niliyemwonea wivu, hakuwahi kuitwa kitu chochote.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa jukwaani sijawahi kufika. Miaka na miaka niliamini mama aliujua uongo wangu. Kwamba pale kando ya maji alionyeshwa jino lile na mizizi yake miwili, akajua kwa nini anakufa na ni nani aliyemwita Yule, akanikana. Niliamini nimekufa kwake kabla yeye hajafa kwangu. Msibani Mama Zuhura alinivuta kifuani akalia, "Mwanangu, mwanangu, huna uyatima, mimi nipo," nikamng'ata mkono. Watu wakasema ni uchungu wa mtoto. Alkwini hakuongea nami wala mimi naye. Tulikuwa tukikutana njiani kila mmoja anaangalia miguu ya mwenzake.

Bibi alinilea. Tulikaa nyumba ile wawili, hatukumtaja mama. Nilikuwa mtundu, nikawa mchekeshaji wa darasa, kisha wa kijiji, maana niligundua kwamba watu wakicheka hawakuulizi. Nilipopata nafasi ya chuo cha sanaa kule pwani, siku ya kuondoka, Bibi akiwa haoni tena kabisa, alinishika taya. Akaweka kidole gumba shavuni kushoto, chini, pale pale.

"Ulilisaga kwa jiwe gani?" akauliza.

Nikatua begi chini.

"La panga," nikasema.

"Nililijua. Jino la kujiangukia halina makali pembeni." Akaniachia taya. "Nilikuwa nimechoka kumsikia mwanangu akimeza neno, kila siku, kila siku, miaka kumi na mmoja. Nikasema, labda Yule amezeeka. Labda hataliona moja."

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Basi. Tulikuwa wawili kumbe. Chungu kimoja, moto mmoja, na kila mmoja alikuwa amebeba maiti ile ile peke yake, akipishana na mwenzake mlangoni. Nilipanda treni. Alikufa kabla sijamaliza mwaka wa kwanza.

Chuoni mwalimu wangu wa vichekesho alisema, mchekeshaji anaanzia pale panapomuuma, na akitaka njia ya mkato aanze na jina. Nikaanza na jina. "Naitwa Makapi, nilitupwa saa moja nikaokotwa saa moja na nusu, serikali yenyewe haina kasi hiyo." Wakaanguka. Nikaongeza Mama Zuhura, nikaongeza mbuzi, nikaongeza shangazi na ungo. Nimekula kwa jina hilo, nimeoa kwa jina hilo, nimejenga. Jina ambalo kijiji kizima kililiogopa, ambalo mwanamke hakumpa mtoto wake mpaka awe amezika na kuzika tena, nimeligeuza wimbo wa redio.

Nimewauliza wanaojua. Muuguzi mmoja, mtu mzima, aliniambia bila kupepesa, "Mama yako aliuawa na damu na maji na barabara. Jino halihusiki." Najua. Barabara ile ilikuwa inakatika kabla sijaota jino la kwanza. Najua vizuri sana, mchana. Najua pia, kwa kuwa sasa nina watoto, kwamba mama hakunikana. Aliona yuko karibu kufa, aliona Yule ameshageuka na anaangalia huku na huku, akafanya kile alichofundishwa mkekani: akaniweka pembeni ya lundo, akasema humu hamna kitu. Alinificha. Pumzi yake ya mwisho ya ukali aliitumia kunificha. Hivyo ndivyo ninavyojiambia. Lakini hakuna wa kunithibitishia, na mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyesimama barabarani hajawahi kuliamini neno langu. Ananijua, ananijua kwamba mimi ni mwongo wa kulipwa.

Mwezi uliopita nilikuwa Ifakara kwa onyesho. Asubuhi yake nilikaa kwa mama lishe mmoja karibu na soko, chai na chapati, nimevaa kofia nisijulikane. Nikajulikana. Binti mmoja, mdogo, labda miaka ishirini na mbili, akaja na mtoto wa kiume mbavuni, ameng'aa kama ametoka kuona mwezi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Ni wewe kabisa! Baba, huyu hapa ni somo yako. Anaitwa Makapi."

Nikamtazama mtoto. Mnene, ufizi mtupu juu, meno mawili chini.

"Tupo wengi," akaendelea. "Kliniki wakiita Makapi tunainuka akina mama watatu. Mmoja wa kijiji cha Kisawasawa, na mwingine huyu Msukuma wa kule kwenye mifugo. Mume wangu alikusikia kwenye simu, yuko kijiweni na bodaboda yake, akanipigia nikiwa bado na tumbo, akasema jina nimelipata. Jina tamu, linachekesha."

"Kabla ya huyu," nikamuuliza, "walikufa wangapi?"

Akarudi hatua moja. "Toba! Baba, swali gani hilo? Huyu ni wa kwanza."

"Samahani, mama. Utani wa kazini."

Akacheka, kwa heshima. "Sasa tuambie na maana yake basi. Ni la kabila gani?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, toka kwenye gunia hadi kwenye kitenge. Ningeweza kumwambia: mwanangu, hilo ni jina la nyumba yenye vijilima vitatu nyuma ya migomba, usilichezee. Lakini mtoto alikuwa ameshaikamata chapati yangu kwa mikono miwili, na mama yake alikuwa ameshasahau kuwa ameuliza.

"Mwanangu Makapi, acha! Ni ya babu hiyo."

Chai yangu ikabaki pale pale.

"Mwanangu Makapi, mpe babu mkono. Mwanangu Makapi, unaona aibu?" Akamfuta makamasi, akalisema tena. Akapokea simu, akasema, "Ngoja, huyu mwanangu Makapi ananivuta hereni." Alilisema akisimama, alilisema akiaga, alilisema akivuka barabara katikati ya bodaboda, kwa sauti kubwa, mchana kweupe, kama kitu kisichokuwa na mwisho, na mtoto ana meno mawili tu, mapya, ya utoto. Hakuna aliyegeuka.

Niligeuka mimi. Kila aliposema, niligeuka.